Rehani

Kwao aliitwa Hanrahan,
jina refu, limejaa pumzi
kama mtu anayepanda vilima vya Irangi na mzigo kichwani.
Hapa Kondoa halikupata pa kukaa mdomoni.
Tukamwita Rehani.
Akaitika.
Miaka ilipita kabla hajaijua maana,
na siku aliyoijua alicheka hadi akakohoa:
"Kweli. Mfalme aliniweka hapa, akachukua nchi,
hajarudi kunikomboa."

Alikuja masika ya vita, mwaka wa kumi na sita,
na wapanda farasi walioshuka kutoka kaskazini
wakaitangulia mikate yao.
Mvua ikakata njia nyuma.
Kazi yake ilikuwa kwato:
asubuhi kupigilia misumari,
jioni kuing'oa,
maana ndorobo hauulizi farasi ni wa Mdachi au wa Mwingereza.
Aliyevishwa viatu vipya Jumatatu
Alhamisi kichwa chini, macho yanatiririka,
na bastola alipewa Rehani
kwa kuwa, walisema, wanyama wamemzoea.

Babu yangu, Swalehe Kimolo, alikuwa mvulana wa kuteka maji.
Aliona kila baada ya risasi mtu yule anapiga magoti,
ananyanyua mguu mmoja, kisha mwingine,
kama wa mtoto aliyelala na viatu,
anamvua.
Gunia la kwanza likajaa. La pili.
Afisa akauliza, ya nini?
Akajibu: hesabu ya serikali, bwana.

Kikosi kikaenda kuitafuta reli ya Dodoma.
Yeye akabaki na homa na magunia yake.
Homa ikaondoka, njaa ikaingia,
ile waliyoifuata nyuma askari wa pande zote mbili,
ile Wagogo waliyoiita Mtunya;
watu wakauza majembe kwa kibaba cha mtama,
na mvua iliporudi
mikono ilikuwepo, chuma hakuna.

Akajenga banda karibu na chemchemi.
Ilanga, mhunzi wa hapo tangu zamani,
alikuja kumtazama siku tatu bila salamu.
Siku ya nne alileta mivukuto ya ngozi ya mbuzi
akasema, makaa yako mabaya.
Hawakuagana tena hadi uzeeni.

Viatu vinne, jembe moja.
La bibi lilikuwa na tundu la msumari lisilozibika,
udongo mwekundu ukipita humo kama uzi sindanoni.
"Farasi wangu," aliliita,
yeye ambaye farasi hakuwahi kumwona.

Ukimwita Mwingereza alikuwekea nyundo chini.
Kwao, alisema, ni kisiwa cha pembeni,
kimelimwa na wengine miaka mia saba.
Barua ilifika mara moja tu.
Alisoma amesimama,
akamwambia babu: nyumbani wamepandisha bendera yao,
na ndugu yangu anauliza nilivaa mkanda wa nani.
Akaiingiza motoni.
Babu akavuta mivukuto, kwani ndiyo kazi aliyoajiriwa.

Mimi nachomelea mageti ya watu wa Dodoma,
mageti yenye simba na maua ya bati.
Fuawe yake ipo; nanyooshea nondo.
Wateja huniuliza ile kwato ukutani ni ya bahati?
Nawaambia ni deni.

Usiku wake wa mwisho, Kiswahili kilimtoka chote.
Akabaki na neno moja, analirudia,
babu akasikia: baridi, baridi.
Akamfunika blanketi.
Akaita tena, akamwongezea shuka, kisha koti lake mwenyewe,
akachochea makaa hadi banda zima likawa jekundu,
na mtu yule akafa ametota jasho, anatabasamu.

Juzi niliipiga msasa ile kwato.
Chini ya kutu kuna namba, thelathini na moja,
na herufi zilizochongwa kwa ncha ya msumari:
BRIDIE.
Sijui kama ni farasi
au ni mtu aliyemwachia jina farasi.
Babu alikwisha kufa.
Angalau yeye alijua la kufanya
mtu akisema anasikia baridi.